Mwani Uliopauka na Gichiaro Wangu

Mama aliwaambia watu wa kanisa letu kule Kanyakine kwamba mimi ni daktari wa maji. Sikumkosoa. Ukweli ulikuwa mgumu zaidi kueleza: kwamba binti yake aliyekuwa akifundisha biolojia Nkubu, mwenye kazi ya kudumu na nyumba ya kupanga yenye roshani, aliacha yote akarudi chuoni kwa sababu alipenda ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya tangi la maji. Ule ule ambao mama alinifundisha kuusugua kwa mchanga na gunzi la mahindi nilipokuwa mdogo, na ambao nilikuwa nikiubakiza kidogo pembeni makusudi ili uote tena. Hata leo nikipita karibu na tangi lililosahauliwa lazima nisimame nichungulie, na moyo unanidunda kama mtu aliyemwona mpenzi wake ghafla kwenye stendi.

Utelezi ule ni mwani. Si mwani wa baharini wa kuanikwa ufukweni, ni mdogo kuliko vumbi, chembe moja moja, na huwezi kuiona chembe bila darubini. Kila chembe inakula jua. Ikishiba jua halafu ukainyima mbolea, inashtuka, inaona siku mbaya zinakuja, inaanza kujiwekea akiba ndani ya mwili wake, na akiba yenyewe ni mafuta. Ukiyakamua mafuta yale, ukayachanganya na spiriti na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, unapata dizeli. Siku niliyolisikia jambo hilo mara ya kwanza, darasani pale Embu, nilicheka kwa sauti peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kama kuna tatizo. Hakukuwa na tatizo. Jua la bure na maji ya kijani yanageuka kuwa dizeli, na darasa zima limekaa linaandika kama watu wanaosomewa matangazo ya mazishi.

Kasoro ya mwani ni ulafi. Umeshawahi kuwatazama wale wa mbele kwenye foleni ya chakula harusini? Wanajaza sahani mpaka pilau inafunika chapati, wanakula nusu, nusu inabaki chini ya kiti, na wa nyuma wakifika wanakuta mchuzi na kabichi. Mwani wa kijani uko hivyo hivyo. Chembe zilizo juu ya maji zinanyakua mwanga mwingi kuliko zinavyoweza kuutumia, ule wa ziada zinautupa kama joto, na zilizo chini zinakaa gizani saa sita ya mchana. Mimi nilitaka mwani wenye adabu, wenye sahani ndogo, unaochukua kiasi chake na kuacha mwanga upite uwafikie wenzake wa chini.

Mwani wa namna hiyo ukiuona utadhani ni mgonjwa, kwa sababu ule ukijani wenyewe ndio sahani. Ukipunguza sahani unapunguza rangi. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza chuoni niliumalizia kwenye chumba kidogo chenye taa kali ya kuushtua mwani hadi uzae watoto wasiofanana nao, nikizaa vizazi juu ya vizazi kwenye visahani vya kioo, nikitupa kila doa lililopendeza na kutafuta lililopauka. Nililipata asubuhi moja ya mvua. Lilikuwa na rangi ya parachichi pale karibu na kokwa. Nilimbusu mlinzi wa geti kwenye shavu, mzee wa watu, naye akauliza kama nimepata visa.

Embu mjini jua lake ni la kubahatisha, wingu la mlima linakuja likijisikia. Chuo kikakodi kipande cha shamba kule chini Gachoka, ambako jua halina mchezo, tukachimba mabwawa mawili ya kufika nusu ya muundi na kuyatandika turubai. Moja nikatia mwani wa kawaida wa kijani, moja nikatia wangu uliopauka. Kila bwawa lilikuwa na gurudumu la makasia la kuyazungusha maji polepole. Nilipanga chumba karibu, nikanunua kofia pana na miwani nzuri ya jua, miwani ya kifahari kabisa, nikajiona mkulima wa karne nyingine.

Mwenye shamba alikuwa mama mjane, mfanyabiashara wa muguka, majani ya kutafuna jamaa ya miraa, anayejulikana kutoka Gachoka mpaka Kiritiri. Alivaa kitambaa cha kanisa kichwani na jezi ya mpira mwilini, simu mbili zikining'inia shingoni, na sauti yake ilitangulia kufika kila mahali kabla yake. Alikuwa na mbuzi pia, na juu ya mbuzi alikuwa mkali ajabu. Alikuwa hawezi kupita boma la mtu mwingine akaona mbuzi aliyekonda bila kuingia ndani kumgombeza mwenye boma. Mambo yangu hayakumhusu. Alinieleza mapema kwamba mkataba wetu ukiisha, mvua za masika zikianza, anafukia vile vishimo vyangu na kupanda muguka mpaka mlangoni pa choo. Miche alikuwa nayo tayari, imepangwa kivulini nyuma ya nyumba yake, na kila jioni aliinyunyizia maji kwa mkebe akiizungumzia.

Hapo ndipo penye donda langu. Mwani wangu ulikuwa umechelewa kuzaana, na nilibakiwa na nafasi moja tu ya kuujaribu kabla ya mvua. Nikikosa hiyo, hakuna kiangazi kingine, hakuna shamba lingine, na mwani uliopauka ungerudi kwenye visahani vya kioo na mimi ningerudi kufundisha sehemu za ua. Nilitaka kiangazi kimoja zaidi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ukiacha labda baiskeli niliyonyimwa nikiwa mtoto.

Sasa, asubuhi moja yule mwenye shamba alikuja kulalamika kwamba magurudumu yangu yanawatisha mbuzi, na katikati ya malalamiko akaniuliza mimi ni wa ukoo gani huko Meru. Nikamwambia. Akaweka chini gunia la muguka.

"Acha mchezo," akasema, kisha akautaja ukoo wake.

Nikapiga ukelele. Tulikuwa gichiaro.

Kwa asiyejua, gichiaro ni udugu uliolishwa kiapo na mababu wa koo mbili, zamani ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri. Gichiaro wako humnyimi anachokuomba. Humdanganyi. Humdhuru. Ukifanya hivyo mambo yako yatakuharibikia, mifugo, watoto, meno, chochote kitakachokuwa karibu. Mimi ni mtu wa sayansi, nimefundisha watoto wa watu kwamba kila kitu kina sababu ya kupimika, na nilikuwa tayari kabisa kumweleza hivyo. Lakini yeye alisema tu, kwa utani, "Basi gichiaro, naomba hiyo miwani," na nikashtukia nimeshaivua.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nami, ili kulipiza, nikamwomba muguka, kiganja kimoja tu, wakati hata kutafuna sijui. Akanipa fungu zima la kuuza. Ilinibidi nitafune kidogo kwa heshima, na siku ile nikashinda nikiuhutubia mwani wangu bila kupumua, habari za maisha yangu yote tangu chekechea. Jioni yake akaniomba kofia. Kesho yake nikamwomba maziwa ya mbuzi. Tulikuwa kama watoto waliopewa funguo za duka. Watu wa Gachoka walianza kumwona mama muguka akipita juu ya bodaboda na miwani yangu ya kifahari, kofia yangu pana ikipepea, wakadhani ameokoka upya.

Nilipompigia mama kumsimulia, hakucheka hata kidogo. Alinisomea sheria kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kana kwamba gichiaro mwenyewe anasikiliza. Nisimwombe kitu kizito. Nisimnyime kitu chochote. Na mchezo ule wa kofia na miwani ukome leo, kwa sababu yanaanza hivyo hivyo na kuishia kwenye shamba.

Neno shamba lilinikata kicheko. Kumbe nilikuwa na funguo za kitu kingine kabisa. Ningeweza kusema sentensi moja tu na kiangazi kingekuwa changu, na yule mama asingekuwa na pa kukimbilia.

Naye alishalijua hilo, tena kabla yangu. Kuanzia wiki ile akawa mtu wa kunikwepa. Akiniona nakuja na uso wa kazi, anaanza kuzungumzia mawingu. Nikikohoa, anakumbuka mbuzi aliyefungwa mahali. Mara moja nilimfuata hadi karibu na choo, kumrudishia mkebe wake tu, akajifungia ndani akawa anaimba tenzi mpaka nikaondoka. Na mimi pia nilimkwepa. Sikuthubutu hata kusema mbele yake kwamba muda umekwisha, kwa sababu mtu akilalamika vizuri mbele ya gichiaro ni kama ameomba. Hivyo tukawa tunapishana kwenye shamba dogo lile, watu wawili wanaopendana sana, kila mmoja akiogopa mdomo wa mwenzake.

Msimamizi wangu wa masomo, mtu wa magharibi ya nchi huko, mwerevu, mpole, mwenye kupenda vitu vinyooke, aliposikia habari hiyo alifurahi. Si nimwombe tu, akasema, tatizo liko wapi? Nilimweleza kwamba gichiaro si kifungua chupa. Kumwomba mtu kitu ambacho hawezi kukunyima, huku ukijua anakihitaji, ni kumpora ukiwa umepiga magoti. Akasema ananielewa, halafu akauliza tena kama siwezi kumwomba. Nilimkatia simu, nikampigia kuomba radhi, halafu nikakasirika upya nilipokuwa naomba radhi.

Kiangazi kikakomaa. Mabwawa yote mawili yakawa mazito, na nikaingia hatua ya mwisho, ile ya njaa. Nikaacha kutia mbolea. Siku zikapita, bwawa la kijani likaanza kufifia, na langu lililopauka likazidi kupauka, likaelekea rangi ya uji. Chini ya darubini niliona nilichokuwa nikikingoja, vitone vya mafuta ndani ya kila chembe, vinang'aa, vinanenepa kila siku. Nilikuwa naimba njiani. Nilikuwa nawasalimia kuku. Ilibaki kidogo tu, wiki moja na ushee, nivune yote mawili, nipime, nijue kama mwani wenye adabu unaushinda mlafi au nimepoteza ujana wangu.

Ndipo akaja gichiaro wangu, mchana kweupe, ameshika kamba ya mbuzi. Alisimama kando ya bwawa langu akalitazama. Akaivua ile miwani, akatazama tena. Nikaona uso wake unafanya vile unavyofanya kwenye maboma ya watu.

"Gichiaro, hii maji inakufa," akasema. "Hata mbuzi ya adui siwezi acha hivi. Nakuomba, hii kitu ipe chakula."

Halafu akaziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tukatazamana. Hata yule mbuzi akaacha kutafuna.

Ngoja nieleze ubaya wa jambo lenyewe. Mwani wenye njaa ukiulisha, unasahau habari ya akiba. Unaanza kuzaana kwa furaha, unachoma mafuta yake kama mtu aliyepata mshahara, na ndani ya siku mbili tatu vile vitone vyangu vingekuwa vimeyeyuka. Kuuanzisha upya mpaka unenepe tena kungepita siku za mkataba. Kulisha kulikuwa ni kuupoteza msimu, wote, kwa ndoo moja.

Nilienda nyuma ya kibanda nikampigia msimamizi. Hakupandisha sauti. Akasema hapana. Nikamwambia ameshaomba. Akasema lile bwawa ni la chuo, si la yule mama wala la mababu zake, na kwamba nikimweleza kwa upole ataelewa. Alikuwa sahihi kwa kila neno, na nilimshukuru, na nikaenda kuchukua ndoo.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na wanaoniuliza wanadhani niliogopea meno yangu. Pengine kidogo. Lakini ukweli ni huu: tangu nilipoupata mwani ule, kila aliyeuona aliucheka au aliukunjia uso. Wenzangu chuoni waliuita kachumbari. Mama alisema niumwage. Huyu alikuwa mtu wa kwanza duniani kuuonea huruma, na alitumia ombi ambalo lisingeweza kukataliwa, na hakujiombea kitu chake, aliuombea mwani. Nilimwaga ndoo ile ya mbolea nikilia na kucheka kwa pamoja, gurudumu likaisambaza, na nikamshukuru.

Hakudanganyika. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Nimeharibu?"

Gichiaro hadanganywi, wala hadanganyi. "Umeharibu," nikasema.

Akapindua ndoo, akaikalia, akataka aelezwe. Nikamweleza yote, njaa, akiba, vitone, dizeli. Alikasirika sana, si kwangu, kwa mwani. Alitaka kujua ni mnyama gani huyo anayenona akinyimwa na kukonda akilishwa. Mbuzi ananona kwa kula, akasema, hata mtoto mdogo anajua hivyo. Nikasema huyu si mbuzi. Akasema hilo ameshaliona. Tukaanza kucheka tena, kicheko kile cha watu waliopata ajali na kugundua kwamba viungo vyote vipo, kisha akanyamaza ghafla na kuniambia, kwa haraka, kama mtu anayetaka kutua mzigo:

"Sasa nimekukosea, na wewe ni gichiaro. Hii haiwezi kaa hivi. Omba kitu. Omba sasa."

Unajua nilichotaka. Yeye pia alijua, kwa sababu nilimwona akiikunja kamba ya mbuzi mkononi. Kutoka pale tulipokaa ile miche ya muguka ilionekana vizuri, kivulini, mistari iliyonyooka, imemwagiliwa tangu Krismasi. Nilifungua mdomo niombe mbuzi. Naapa nilikuwa nimeshamchagua, yule mweupe mwenye sikio moja lililokatika. Halafu nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mwanafunzi aliyechelewa, ikisema, "Naomba kiangazi kimoja tu."

Alitazama miche yake, akatazama bwawa, akatazama tena miche. Halafu akaanza kutikisika mabega, na nikadhani analia, mpaka kicheko kikatoka, kikubwa, kikawatawanya mbuzi wote mpaka barabarani.

"Wiki zote hizi nakutoroka juu ya hiyo neno," akasema. "Nimejifungia hadi kwa choo."

Nikamwambia mimi pia nilikuwa namtoroka, nisije nikalisema. Akanipiga begani mpaka nikayumba. Kiangazi kikawa changu.

Jambo la ajabu lilikuja baadaye kidogo. Chuoni wapo waliokuwa wakisema kwamba mwani wangu haujapauka kwa asili, ni njaa tu, kwamba nauharibu kwa kuutunza vibaya halafu naita ugunduzi. Sasa bwawa lile lilikuwa limelishwa ndoo nzima. Likashiba, likazaana, likawa zito, na bado likabaki na rangi yake ya parachichi. Gichiaro wangu alikuja kukagua mgonjwa wake kila asubuhi, akanung'unika kwamba mgonjwa anakula lakini yeye haoni mabadiliko. Nikachukua sahani nyeupe ya bati, nikaifunga uzi, nikaishusha kwenye lile la kijani. Ilipotelea pale pale chini ya uso wa maji. Nikaishusha kwenye langu, na sahani ikaonekana mpaka ilipogusa turubai, ikiwaka jua kule chini.

Akavua miwani yangu, maana ilikuwa bado yake, akainama mpaka kofia ikaanguka majini. Akasema kumbe hii haina njaa, iko hivyo tu, kama yule mbuzi wake mweupe anayekula kuliko wote na haonekani mnene. Nikampigia msimamizi nikamwelezea habari ya sahani. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeinuka kitini, ni nani aliyenishauri kuulisha. Nikasema ni mdau wa eneo.

Ile miche ilibidi ihamie kwingine. Gichiaro aliipeleka kwenye kipande chake kingine, mbali, mteremkoni juu ya kijito, mahali pakavu ambapo hakuwahi kupapenda. Kule mkebe haukutosha. Akachimbua kutoka stoo yake pampu kuukuu ya dizeli ya marehemu mumewe na kuanza kuvuta maji kutoka kijitoni. Nilikuwa naenda kumsaidia kushika mpira wa maji Jumapili baada ya kanisa, na hakuna hata siku moja aliyonikumbusha kwa nini muguka wake uko kule.

Mvua zikaja zikaenda. Kiangazi changu kikafika, nikaukuza mwani kwa wakati, nikaunyima chakula kwa wakati, na safari hii gichiaro alipokuja kando ya bwawa alijifunga mdomo kwa kitambaa cha kanisa, makusudi, akasimama pale akinitolea macho mpaka nikashindwa kufanya kazi kwa kucheka. Tukavuna. Msimamizi alikuja mwenyewe kutoka Embu kupima, akapima tena, akavua koti. Bwawa lililopauka lilikuwa limetoa mafuta kuliko la kijani. Sisemi ni muujiza, na hakuna lori litakalopanda Nkubu kwa mwani wangu mwaka huu. Lakini jua lilikuwa lile lile, maji yale yale, na wangu ulizidi. Nilizunguka bwawa nikikimbia, peku, mtu mzima wa miaka yangu, na msimamizi akajifanya anaandika.

Baada ya kazi yote ya kukausha na kukamua na kupika, dizeli ya mwani uliopauka haikujaza chupa moja ya maji. Ilikuwa na rangi ya asali. Asubuhi yake ilikuwa iende Embu kupimwa, na msimamizi alikuwa ameniambia niilinde kama mtoto mchanga. Nilitembea nayo mpaka kule mteremkoni kumwonyesha gichiaro kabla haijaondoka, kwani nani mwingine alistahili kuiona kwanza?

Nilimkuta amekaa juu ya pampu, mikono mapajani. Dizeli imeisha, bodaboda aliyemtuma Kiritiri amepata pancha, na jua la saa saba linaichoma miche. Majani ya mstari mzima yalikuwa yamelala. Nikampa chupa aishike. Akaifungua, akanusa, akasema inanuka samaki na mandazi. Akaiinua juani. Halafu nikaona macho yake yanatoka kwenye chupa, yanakwenda kwenye tangi la pampu, yanarudi kwenye miche, na nikaona midomo yake inafungwa kwa nguvu. Akanirudishia chupa. Akatazama angani akaanza kuzungumza habari za mawingu.

Hakukuwa na wingu hata moja.

"Omba," nikamwambia.

"Siombi. Hiyo ni kitu ya shule yako."

"Gichiaro. Omba sasa."

Alinitazama. Hakuwa na miwani siku ile, na macho yalikuwa yamejaa.

"Basi naomba hiyo chupa," akasema polepole.

Nikampa. Akaimimina yote kwenye tangi, akiwa makini asimwage hata tone, na kilichobaki kimeng'ang'ania shingo ya chupa ndicho kilichokwenda Embu baadaye, nao wakakipima bila kujua kingine kilikokwenda. Alipoishika kamba ya kuwashia, nikamshika mkono. Nikamwambia na mimi ninalo ombi langu, naomba nivute mimi.

Nikavuta, ikakohoa. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, nikaanguka kitako, na pale chini nilipoanguka nikasikia imeshika. Ilinguruma, ikatoa moshi mwepesi wenye harufu ya jikoni, mpira ukajikunja, ukajinyoosha, maji yakatoka. Gichiaro wangu aliukamata akaanza kukimbia nao mstari kwa mstari, jezi imelowa, akiniita, akiimba, akinimwagia na mimi. Katikati ya yote hayo simu yangu ikalia. Alikuwa msimamizi, anauliza chupa iko salama?

Yeye si gichiaro wangu, ningeweza kumdanganya. Niliiinamisha simu karibu na injini, nikaishikilia pale, asikie mwenyewe kabla haijazimika.